Ritifaa Haina Kiti: Fonti za Mwandiko na Mwili wa Kiswahili

Neno hati lina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Tukisema fulani ana hati nzuri, tunausifu mwandiko wake. Tukisema fulani ana hati ya kiwanja, tunataja karatasi inayothibitisha haki yake. Wazee waliotulea hawakuona umbali mkubwa kati ya maana hizo, kwa kuwa karatasi yenye haki iliandikwa kwa mkono, na mkono uliojulikana ulikuwa sehemu ya ushahidi. Barua ilipofika kijijini, kabla haijafunguliwa, watu waliitazama bahasha wakasema, "Huu ni mkono wa fulani."

Leo mkono huo unauzwa. Ukiingia katika banda lolote la kuchapisha hapa Sumbawanga utaoneshwa kwenye kompyuta orodha ndefu ya fonti, na miongoni mwake zimo zile zilizotengenezwa zifanane na mwandiko wa mtu mwenye kalamu laini na subira nyingi. Herufi zake zimelala upande kidogo, zimeshikana, na zile kubwa zina mikia inayojikunja kama moshi wa asubuhi ya Julai huku uwandani kwetu. Ndizo watu wanazozitaka kwa kadi za harusi, vibao vya saluni, lebo za bidhaa na, jambo linalotuhusu sisi zaidi, majalada ya diwani za mashairi.

Sizipingi. Nilisomeshwa enzi ambayo mwandiko ulikuwa kipindi rasmi darasani, na katika chuo cha ualimu tulipimwa jinsi tunavyoandika ubaoni kabla hatujaruhusiwa kusimama mbele ya watoto. Nafurahi kuona kwamba uzuri wa mkono bado unatamaniwa na vijana ambao wengi wao hawaandiki tena ila kwa vidole gumba. Nina swali moja tu la kuwauliza wapenzi wenzangu wa lugha: mikono hiyo tunayoinunua ilijifunza kuandika lugha gani?

Swali hilo halikunijia kutoka kitabuni, lilinijia likiwa limebandikwa kwenye chupa. Jirani zangu, akina mama wa kikundi kimoja cha kukamua alizeti, waliamua mafuta yao yasiuzwe tena katika chupa tupu zisizo na jina. Wakakubaliana jina: Mafuta Yang'aayo. Nililipenda jina hilo tangu nilipolisikia. Ni kitenzi kilichogeuzwa sifa kwa kirejeshi -yo, kama washairi wafanyavyo wanapotaka silabi zikae sawa. Wakachanga fedha, wakampelekea kijana mmoja wa mjini, naye akawatengenezea stika kwa fonti ya mwandiko iliyopendeza kweli. Kazi ilipokuja, kila chupa ilikuwa imeandikwa "Yangaayo".

Wanaofuatilia mpira wamekwisha kucheka. Sokoni nako walicheka. Wapenzi wa Simba waliuliza kwa utani kama mafuta hayo ni ya Wananchi, na kama mtu wa Msimbazi akiyatumia chakula kitaiva. Utani ni utani, lakini mteja anayecheka si lazima anunue, na fedha za stika zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Nilikwenda kuonana na kijana. Alinipokea kwa shikamoo na kunipisha kiti, kisha akanieleza kwa adabu na kwa ukweli: "Mwalimu, ile alama ilikuwa inakata muunganiko. Nikiiweka, g inabaki peke yake na a inaanza upya, jina linakatika katikati kama uzi. Nikaona niitoe, watu wataelewa." Akanionesha kwenye kioo. Alikuwa anasema kweli. Ritifaa ilipowekwa, neno lilivunjika vipande viwili, na pengo kati yake lingeweza kupitisha ng'ombe mzima.

Hapo ndipo nilipoanza kuzichunguza fonti hizi kwa jicho la mwalimu.

Herufi za mwandiko zinafanya kazi kwa sharti moja gumu. Kila herufi ina mkono wa kuingilia upande wa kushoto na mkono wa kutokea upande wa kulia, na mkono wa kutokea wa herufi moja lazima ukutane barabara na mkono wa kuingilia wa ile inayofuata. Herufi nyingi hutokea chini, kwenye mstari: a, i, k, m, n, u. Chache hutokea juu: b, o, v, w. Hizi za juu ndizo zinazomsumbua mbunifu, kwa kuwa mkono wao unaning'inia hewani na inabidi uteremke kwa ustadi kuipokea herufi inayofuata. Mbunifu mzuri hutumia siku nyingi kusuluhisha jozi za aina hiyo, na kwa kawaida huanza na zile zinazotokea mara nyingi katika lugha yake.

Lugha yake ni ipi, basi? Mwaka 1501, jijini Venice, Aldus Manutius alichapa kitabu kizima kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kuiga mwandiko wa wasomi wa Italia wa wakati huo. Mikono hiyo ilikuwa ikiandika Kilatini. Maandishi ya Coca-Cola, ambayo hata duka la mwisho kwenye barabara ya kwenda Mpanda limepakwa ukutani, yaliandikwa Atlanta katika miaka ya 1880 na mtunza vitabu Frank Robinson, kwa mtindo wa mwandiko uliofundishwa Marekani na Platt Rogers Spencer. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon alitoa fonti iitwayo Mistral, iliyotokana na mwandiko wake mwenyewe, na akafanikiwa kuzifanya herufi za risasi zishikane kana kwamba kalamu haikuinuliwa. Yote hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini kila mkono kati ya hiyo ulikuzwa na lugha fulani, ukazoea mikunjo ya maneno yake kama mguu unavyoizoea njia ya kisimani.

Sasa mpe mkono huo Kiswahili.

Jambo la kwanza utakaloliona ni w. Kwa Mfaransa au Mwitalia, w ni mgeni anayeingia kwa maneno ya kukopa. Kwetu sisi ni mtumishi asiyepumzika. Ni kiambishi cha watu katika wingi, ni kiunganishi cha "wa" na "kwa", ni kiyeyusho katika mwalimu, bwawa, ugwadu na kung'olewa. Jozi ya w na a, ile yenye mkono unaotokea juu, karibu haikosekani katika sentensi yetu. Fonti ambayo jozi hiyo imefungwa ovyo itatuonesha kasoro yake katika kila mstari, ilhali Mfaransa anaweza kuitumia mwaka mzima asiione.

Jambo la pili ni upatanisho wa kisarufi. Andika: "Watoto Wangu Wawili Wamewasili". Katika fonti ya mapambo, kila herufi kubwa huvikwa mkia mrefu wa fahari, kwa kudhaniwa kwamba maneno yanayofuatana yataanza kwa herufi tofauti. Kiswahili hakiendi hivyo. Ngeli zetu huvuta kiambishi kilekile kutoka nomino hadi kivumishi hadi kitenzi, na huo ndio muziki ambao mshairi huuchezea. Matokeo yake ni W nne zenye mkia uleule, zimepangwa kama nguzo za uzio. Mkono wa mtu haufanyi hivyo kamwe. Mwandishi mzuri anapokutana na W ya pili huipunguzia mbwembwe, na ya tatu huiandika kwa unyenyekevu zaidi, ili ile ya kwanza ibaki na heshima yake. Fonti za siku hizi zinaweza kubeba sura kadhaa za herufi moja na kuzibadilisha zenyewe kulingana na jirani zake. Uwezo upo, kinachokosekana ni mbunifu aliyeisikia lugha inayodai uwezo huo.

Jambo la tatu ni hiyo ritifaa ya ng'. Hapa hatuzungumzii urembo. Ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake, na ngoa ni ile tamaa yenye wivu ambayo washairi wa pwani wameilalamikia tangu zamani. Anayemsihi mpenzi wake aing'oe ngoa moyoni anahitaji herufi zote mbili ziwe wazi, la sivyo shairi linageuka kitendawili. Jirani zetu wanaoandika Kiganda wana herufi maalumu kwa sauti hiyo, ŋ, yenye kiti chake katika alfabeti. Sisi katika tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, tunaandika herufi mbili na kijialama juu. Kijialama hicho ndicho wengi wamezoea kukiacha wanapoandika kwenye simu, na sasa fonti za mwandiko zimewapa kisingizio kipya, kwamba kinaharibu uzuri.

Lakini je, kinauharibu kweli? Nilimwomba kijana kalamu na karatasi. Nikaandika neno lile kama nilivyofundishwa shuleni: y, a, n, g, kisha mkia wa g ukapanda kutoka chini ukaishika a, halafu a ya pili, y, o. Neno likaisha. Ndipo nikarudi nyuma nikaiweka ritifaa juu ya kiungo cha g na a. Sheria ya darasa la mwandiko ilikuwa hiyo: maliza neno, kisha rudi uweke nukta za i na j, ukate t, uweke ritifaa. Hakuna aliyeinua kalamu katikati ya neno kwa ajili ya kijialama.

Kijana alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe haina kiti." Mimi sikuweza kulisema vizuri kuliko hapo. Kwa kompyuta, ritifaa ni herufi kama nyingine, yenye nafasi yake katika msafara. Inapokaa kitini, inawatenganisha waliokuwa wameshikana. Kwa mkono wa Mswahili, ritifaa haina kiti. Inatua juu ya kiungo kama ndege juu ya waya, na waya haukatiki. Mbunifu anayelijua hilo anaweza kuifundisha fonti yake kwamba g, ritifaa na irabu vikifuatana, kiungo kipite chini na alama itue juu. Asiyelijua hataota kulifanya, kwa kuwa katika lugha yake alama hiyo kwa kawaida huashiria herufi iliyoachwa, mahali ambapo pengo halimsumbui mtu.

Kuna aliyeniambia jambo zito kuliko hayo yote. Mweka hazina wa kikundi kile ni mama aliyejifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima. Tunakumbuka kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwamba kampeni iliyofuata iliwafikia watu hadi vijijini. Yeye alichelewa akajifunza miaka mingi baadaye, kwa herufi za chapa zilizoachana, kila moja na mlango wake. Aliishika chupa, akaigeuza, akaniambia, "Mwalimu, herufi nazijua. Hizi zimeshikana mikono, sijui ya kwanza ni ipi."

Mafuta ni yake, amepalilia alizeti yake, ameyabeba magunia hadi mashineni, na daftari la fedha linakaa nyumbani kwake. Chupa ikiwa na jina asiloweza kulisoma, imeandikwa kwa ajili ya nani? Nimelifikiria swali hilo kwa niaba ya washairi pia. Tunalalamika kwamba diwani hazinunuliwi. Mara ngapi jina la diwani limefichwa katika vikunjo hata mpita njia asijue kama ni mashairi au ni duka la mapambo ya harusi?

Huenda msomaji akadhani nataka tubaki na herufi za chapa peke yake. Historia yetu inanikataza. Kiswahili kimekuwa na miandiko mizuri kabla ya fonti yoyote ya kununua. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa mkono, na tenzi za pwani zilihifadhiwa vizazi na vizazi kwa hati za Kiarabu. Hati hizo nazo zilikuwa za kuazima. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch wala ng'. Waandishi wengi walitumia herufi zilizokuwapo wakamwachia msomaji kazi ya kukisia, lakini wengine waliongeza nukta na alama mpaka hati ikaitii lugha. Hata mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na mwenzake P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya namna ya kukiandika Kiswahili kwa usahihi zaidi katika hati hiyo. Kanga nazo zilianza kubeba majina yake kwa hati za Kiarabu, kisha zikahamia herufi za Kirumi, na herufi kubwa zilizonyooka zikawa ndizo mwandiko unaotambulika hata kwa aliye mbali, nguo ikiwa kamba.

Hao wote walikopa herufi. Tofauti ni kwamba waliobora zaidi waliipunguza au kuiongeza herufi ili lugha itimie. Sisi tumeanza kuipunguza lugha ili herufi ipendeze. Huko ndiko kugeuza kazi ya fundi: anayekata mguu ili kiatu kienee.

Kwa hiyo, kwa wale wanaoandaa majalada, nembo na lebo, ninatoa ushauri wa mwalimu aliyestaafu, nanyi mtauchuja. Usichague fonti kwa kuliangalia jina lake au sampuli yake ya Kiingereza. Andika jina lako halisi, pamoja na "wa" zake na ritifaa zake, ulichapishe kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Mwite mtoto wa darasa la pili na mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Wakikwama, fonti imeshindwa mtihani, hata kama wewe umeipenda. Uupe mwandiko neno moja au mawili yenye hadhi, na habari nyingine zote ziandikwe kwa herufi za chapa. Na kama ritifaa inalivunja neno, usiitoe. Liandike neno bila alama ili liungane, kisha iweke alama peke yake juu ya kiungo, kama kalamu inavyorudi nyuma.

Hivyo ndivyo kijana alivyofanya katika toleo la pili, na chini ya jina akaweka "Mafuta ya alizeti ya Ufipa" kwa herufi za chapa zilizoachana. Stika za kwanza hazikutupwa, kwa kuwa fedha ya kikundi haitupwi. Akina mama walikaa kibarazani na kalamu za wino mweusi, wakaitia ritifaa moja moja kwa mkono. Mweka hazina alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameitambua g kwa mkia wake, na alama aliitua juu yake bila kukosea.

Kwa kuwa hapa ni barazani pa washairi, sitaondoka bila ubeti:

Herufi ni vazi letu, la maneno kuyavika,
Tulipime mwili wetu, lisije likapasuka,
La mgeni si la kwetu, hata kama lasifika,
Fundi, twaomba mwenzetu, ng'ombe wasije toweka.

Wabunifu wa Kiingereza wana sentensi yao ya kujaribia fonti, yenye mbweha mwepesi na mbwa mvivu, kwa sababu inabeba herufi zote za alfabeti yao. Sisi hatuna haja ya q wala x, na c yetu haitembei bila h. Nimejaribu kutunga yetu, yenye herufi zote za Kiswahili, pamoja na "wa" na ritifaa ndani yake: Yule fundi mzee wa Chala ajua kuvisha herufi nguo, lakini ng'ombe wake bado hapati jani. Nawakabidhi muihakiki, muinyooshe au mtunge iliyo bora. Vijana wanaochora fonti wapo Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, na siku mmoja wao atakapoketi kuchonga mwandiko mpya, ni vizuri sentensi ya kwanza atakayoijaribia iwe ya Kiswahili.